Mto Katuma ni wa Nani?

Msomaji mpenzi, kabla hujafunua ukurasa wa pili, nijibu swali moja. Maji uliyokunywa leo asubuhi yalitoka wapi? Usiniambie “bombani” wala “kisimani”. Bomba halizai maji, na kisima nacho hungoja kulishwa na ardhi.

Wewe unayekaa Nsemulwa, au mtaa mwingine wa mji wa Mpanda, umekaa ndani ya bonde la mto, hata kama huuoni mto wenyewe ukisimama mlangoni. Mvua ikinyesha, maji hupita uani kwako, hubeba mchanga, majivu na mifuko ya plastiki, yakateremka kuelekea Mto Katuma. Mto huo huanzia milimani upande wa magharibi, hupita penye mashamba ya mpunga ya Mwamkulu na Kakese, hufika Sitalike mpakani mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, huingia Ziwa Katavi na Ziwa Chada, na mwisho wa safari ni Ziwa Rukwa. Nalo Rukwa halina mlango wa kutokea. Uchafu tuutiao huku juu, kule chini hauna pa kwenda.

Wazee waujua Katuma ukitiririka masika na kiangazi. Siku hizi sivyo. Nenda Sitalike mwezi wa Septemba au Oktoba, utaona viboko wamelundikana katika madimbwi ya matope, mgongo kwa mgongo, wakiumana kwa kugombea nafasi. Wageni hupiga picha, wakafurahi. Lakini kiboko yule atuonyesha mambo yetu wenyewe: mama anayechimba mchanga wa mtoni kwa bakuli, akingoja maji yajikusanye, hana hali tofauti sana na yake.

Sasa uliza ni kosa la nani. Mkulima atasema, “Ni wafugaji, ng’ombe wao wamebomoa kingo.” Mfugaji atasema, “Ni wakulima, wamelima mpaka majini, hata njia ya mifugo hakuna.” Wote wawili wakikutana watamlaumu mfyatua matofali, naye atamnyoshea kidole mchimba dhahabu. Wengine watasema Serikali yawapenda viboko kuliko watu. Na mtu wa mjini? Huyo hujiona hayumo kabisa, kumbe taka zake ndizo za kwanza kufika mtoni.

Mwaka 2010 wataalamu walichapisha maandishi juu ya shida hii ya Katuma. Walionyesha kwamba mabanio na mifereji ya wakulima huko juu ndiyo yamechangia sana kuukausha mto wakati wa kiangazi. Lakini mimi sisemi mkulima wa mpunga ni mtu mwovu. Mpunga ule ndio ada ya shule, ndio bati la nyumba, ndio zaka kanisani. Ubaya ni kwamba kila mmoja hufunga maji kana kwamba yeye ndiye wa mwisho mtoni.

Wakumbuka habari ya Isaka katika Kitabu cha Mwanzo? Watumishi wake walichimba kisima, wachungaji wa Gerari wakakidai. Wakachimba cha pili, ugomvi tena. Isaka akahama, na kisima cha tatu hakikugombewa. Basi, sisi tuhamie wapi? Mto ni huu mmoja. Sharti tukae kikao.

Na njia ya kikao ipo katika sheria. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yasema maji ya kunywa na ya nyumbani yapewe nafasi ya kwanza, kisha maji ya kuuhifadhi mto wenyewe, ndipo kilimo na kazi nyingine. Anayetaka kujenga banio au kuchepusha maji sharti awe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Yakatazwa pia kufanya shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Hizo ni hatua kama 80 za mtu mzima. Tena sheria yaruhusu watumiaji kuunda Jumuiya ya Watumia Maji.

Jumuiya ya namna hiyo hufaa ikiwa wote wamo: mkulima wa juu na wa chini, mfugaji, mtu wa hifadhi, mfyatua matofali, diwani, na wanawake wenye ndoo. Humo hupatana zamu za kumwagilia, mahali pa kunyweshea ng’ombe mbali na kingo, na siku za kufungua banio ili maji yapite. Wafuga nyuki nao wasisahauliwe: penye mizinga mtu hakati mti ovyo, na asali ya misitu ya Katavi yajulikana.

Tusidhani hatari hii ni ya maneno tu. Ruaha Mkuu, mto mkubwa kuliko Katuma, tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, kwa sababu maji yatumika mno Usangu. Mwaka 2006 Serikali ikawaondoa wafugaji wa Ihefu na mifugo yao. Mapatano yakichelewa, amri ndiyo hufika, na maskini ndiye huumia kwanza.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji salama ni haki ya kila mtu. Someni habari hiyo katika jumuiya ndogondogo juma hili. Halafu mmoja wenu aende kwa mwenyekiti wa mtaa aulize: Je, jumuiya ya watumia maji ya huku kwetu ipo? Ilikutana lini mara ya mwisho? Na katika viongozi wake, wanawake ni wangapi?