Kiti cha mtu mmoja: mlima wa Vermont na hesabu ya theluji

Lifti ya kwanza ya viti kwa ajili ya skii duniani ilitokana na mikungu ya ndizi. Mwaka 1936 kampuni ya reli ya Union Pacific ilikuwa ikijenga kituo cha michezo ya theluji huko Sun Valley, jimbo la Idaho, ili Wamarekani wapate sababu ya kupanda treni zake wakati wa baridi. Mhandisi wake, James Curran, alikuwa na uzoefu wa mitambo ya kupakia ndizi melini katika nchi za joto. Akawaza kwamba waya uleule unaozunguka ukibeba mikungu kwa kulabu, kulabu zikitolewa na mahali pake pakawekwa viti, utabeba watu hadi juu ya mlima. Kila kiti kilichukua mtu mmoja. Kabla ya hapo, aliyetaka kushuka kwa kuteleza alipanda kwanza kwa miguu yake mwenyewe, au alishika kamba iliyovutwa na injini, kama ile ya gari kuukuu la Ford iliyofungwa kwenye kilima cha Woodstock, Vermont, mwaka 1934. Tangu siku za Curran viti vimezidi kupanuka: wakakaa watu wawili, watatu, wanne, na leo lifti za watu sita au wanane si ajabu tena. Viti vya mtu mmoja vimeng'olewa karibu kila mahali Marekani. Zimebaki lifti mbili za namna hiyo: moja Cordova, mji wa wavuvi huko Alaska, na nyingine Mad River Glen, kituo kidogo cha skii kilichofunguliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Fayston, Vermont.

Wengi wanaoandika juu ya Mad River Glen hukisifu kwa uzee wake, kana kwamba ni sanduku la bibi lililosahaulika darini. Naona sifa hiyo inapotosha. Kile kiti cha mtu mmoja kinastahili kutetewa kwa sababu ya kazi kinayoifanya hadi leo, ambayo hakuna mtambo mpya unaoweza kuifanya vizuri zaidi: kinapima idadi ya watu dhidi ya wingi wa theluji. Na kingekuwa kimekwisha kuuzwa kama chuma chakavu zamani, kama mlima ule ungekuwa mali ya mtu mwingine yeyote isipokuwa wale wanaoteleza juu yake.

Tuanze na hesabu. Mlima wenyewe, unaoitwa Stark, una kilele cha mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mteremko kutoka juu hadi chini ni kama mita 620. Kwa macho ya msomaji anayeijua Meru au Rungwe hicho ni kilima tu, lakini njia zake ni nyembamba, zimejaa mawe na vishina, na zinapita katikati ya miti. Lifti yake hupandisha watu wapatao 500 kwa saa. Lifti ya kisasa ya viti vya watu wanne, aina ile inayokwenda kasi, hupandisha 2,400 au zaidi. Siku ya skii huanza saa tatu asubuhi na kwisha saa kumi jioni, yaani saa saba. Kwa lifti ya zamani, mlima utateremkwa mara 3,500 hivi kwa siku nzima. Kwa ile ya kisasa, mara 16,800. Kila mmoja anayeshuka hukwangua theluji kidogo kwa kingo za chuma za mbao zake na kuisukuma pembeni. Mahali penye msongamano, theluji laini iliyoanguka usiku huwa imekwisha kuvurugwa kabla ya saa nne asubuhi, na kufikia adhuhuri inayobaki ni barafu ngumu inayong'aa. Pale Stark, mtu anayeshuka saa nane mchana bado anaweza kukuta vichochoro vya theluji ambayo haijaguswa kati ya miti.

Mfugaji hahitaji kuelezwa jambo hili. Theluji ya asili ni malisho: inaota kwa mvua yake, haiagizwi, na malisho yanayotosha ng'ombe mia hayatatosha mia tano kwa sababu tu lango limepanuliwa. Vituo vikubwa vimelikabili tatizo hilo kwa kutengeneza malisho ya bandia. Mabomba hupandisha maji mlimani, mizinga huyarusha hewani yagande, na usiku mashine nzito za minyororo huzunguka kusawazisha kila njia mpaka iwe kama zulia. Inawezekana, na mamilioni ya watu wanafurahia matokeo yake. Lakini mtambo huo wote unakula maji, umeme na dizeli, na gharama yake lazima ilipwe na watu wengi zaidi, ambao nao wanahitaji lifti kubwa zaidi, ambayo nayo inahitaji theluji ya bandia zaidi. Mad River Glen hutengeneza theluji katika sehemu ndogo sana ya mlima, na njia nyingi huachwa zilivyo, na mabonde na matuta yake. Haikuhitaji kuingia katika mzunguko ule, kwa sababu ilikataa hatua ya kwanza.

Kukataa huko kulianza na mwanzilishi wake. Roland Palmedo alikuwa mtu wa benki za uwekezaji wa New York, na ndiye mmoja wa waliochangisha fedha za lifti ya Stowe, pia Vermont, mwaka 1940. Alipoona Stowe inaelekea kuwa mji wa mahoteli na biashara, alihama akatafuta mlima mwingine, akiamini kwamba mlima wa skii unapaswa kuwa jumuiya ya wanaoupenda mchezo. Huo ungeweza kubaki msimamo wa tajiri mmoja na kufa naye. Mwaka 1972 mlima ulinunuliwa na kundi lililoongozwa na Truxton Pratt, na alipofariki miaka michache baadaye, mjane wake, Betsy Pratt, aliuendesha kwa miongo miwili. Alipochoka, hakumtafuta mnunuzi mwenye fedha nyingi kuliko wote. Mwaka 1995 aliwauzia watelezaji wenyewe, waliounda ushirika. Bei ilikuwa dola milioni 2.5. Hisa moja iliuzwa dola 1,500, na kila mwanachama akawa na kura moja hata kama ana hisa zaidi ya moja.

Hapa msomaji wa Moshi au Bukoba anaweza kutikisa kichwa. Ushirika tunaujua. Tunajua fahari ya KNCU, uliosajiliwa mwaka 1933 kwa ajili ya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, na tunajua pia mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipofutwa Tanzania kwa amri kutoka juu. Tunajua viongozi wanaokula mtaji na wanachama wanaolipwa kwa ahadi. Kwa nini basi ushirika wa watu wa mjini, wanaokutana wakati wa baridi tu, udumu? Jibu langu ni kwamba pale Vermont mwanachama hatafuti gawio. Hisa yake haimletei faida ya fedha, inamletea mlima. Kila uamuzi wa bodi ataukanyaga kwa miguu yake Jumamosi ijayo, na uamuzi mbaya atauona kabla hajasoma taarifa yoyote ya mahesabu. Umbali mrefu kati ya mwanachama na mali yake, ule ulioua vyama vyetu vingi, haupo.

Ushahidi mkubwa ni wa mwaka 2007. Lifti ilikuwa imefikisha karibu miaka 60 na haikuweza kuendelea bila matengenezo makubwa. Wanachama walikuwa na chaguo: wajenge lifti mpya ya viti vya watu wawili, au waikarabati ile ya mtu mmoja kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 1.5. Mfanyabiashara yeyote angechagua viti viwili, kwa kuwa lifti ya namna hiyo hupakia watu mara mbili, na tiketi huuzwa kwa idadi ya watu. Wanachama walichagua mtu mmoja. Fedha zilichangishwa, shirika la kuhifadhi majengo ya kale la Vermont likasaidia, nguzo za mwaka 1948 zikang'olewa, zikasafishwa na kupakwa rangi, zikarudishwa mahali pake zikiwa na waya mpya, mota mpya na viti vipya vya umbo lilelile. Mwaka 2012 kituo kizima kiliingizwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria. Sifahamu kampuni ya hisa inayoweza kulipa fedha nyingi kiasi hicho ili isiongeze wateja.

Pingamizi la kwanza, na ni zito, ni kwamba huu ni umaridadi wa watu wenye nafasi. Skii ni mchezo ghali popote, na kuwasifia wenye hisa kwa kupunguza watu mlimani kunafanana na kumsifia mwenye nyumba kwa kufunga geti. Lakini tutazame geti linalofungwa kweli. Huko Vail, Colorado, tiketi ya siku moja inayonunuliwa dirishani imevuka dola 300. Mad River Glen hutoza chini ya nusu ya hapo, na asiye mwanachama hukaa foleni moja na mwanachama. Ni kweli kampuni kubwa zimeshusha bei kwa njia nyingine: Vail Resorts ilianzisha pasi ya msimu iitwayo Epic mwaka 2008, na mpinzani wake, Alterra, akaleta Ikon mwaka 2018. Anayeteleza siku 20 kwa mwaka amepata nafuu kubwa, na sitaki kuidharau. Anayelipia nafuu hiyo ni yule wa siku moja, mzazi anayetaka kuwaonjesha watoto wake mchezo, ambaye ndiye mwenye fedha kidogo zaidi. Kupunguza watu kwa foleni kuna haki kuliko kupunguza watu kwa bei. Foleni humgharimu tajiri na maskini muda uleule. Jumamosi ya theluji nzuri foleni ya kiti cha mtu mmoja ni ndefu, na kila anayekuja anaijua.

Pingamizi la pili silijibu, kwa sababu lina haki. Mad River Glen, pamoja na Alta na Deer Valley za Utah, ni vituo vitatu tu Marekani vinavyokataza ubao mmoja, ule unaosimamiwa kwa miguu yote miwili na kupendwa na vijana. Katazo hili lilianza kabla ya ushirika, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wanachama wamelirithi na kulishikilia. Kulibadili kunataka theluthi mbili ya kura. Wapo wanaosema ubao mmoja hukwangua theluji zaidi. Hata kama ni kweli, lifti ya watu 500 kwa saa imekwisha kuitatua shida hiyo. Kiti kinapunguza idadi bila kuuliza wewe ni nani, katazo linachagua. Ushirika uliojenga hoja yake juu ya usawa wa kura ungefanya vyema kulifuta.

Kuna wasemao kwamba huu ni mfano wa pekee usioweza kuigwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Marekani ilikuwa na vituo vya skii zaidi ya 700. Leo havifiki 500, na vingi vilivyokufa vilikuwa vidogo, vya mji mmoja au bonde moja. Ni kweli si kila kilima kina wapenzi wa kutosha kununua hisa 1,600. Hata hivyo, umiliki wa wenyeji una sura nyingi. Bogus Basin karibu na Boise, Idaho, na Bridger Bowl karibu na Bozeman, Montana, huendeshwa kama mashirika yasiyogawana faida, na vinastawi. Vina lifti kubwa kuliko ile ya Stark, kwa kuwa milima yao inapokea theluji na watu kwa kiasi tofauti. Kinachofanana ni kwamba swali la ukubwa wa lifti huamuliwa na watu watakaoishi na jibu lake.

Limebaki jambo la joto, na sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulielewa mapema. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo na kushuka kwa mbao za skii. Barafu moja ya kileleni inabeba jina la Furtwängler hadi leo, ila zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo Kibo mwaka ule imekwisha yeyuka. Vermont nayo, majira ya baridi yanapata joto haraka kuliko kiangazi. Kituo kisichotegemea mizinga ya theluji kitaumia kwanza, na tayari ipo miaka ambayo lifti ya mtu mmoja inasimama kwa wiki kadhaa huku vituo jirani vikifanya kazi juu ya ukanda mweupe uliozungukwa na nyasi. Wapinzani wanasema hapo ndipo hoja yote inapoanguka. Lakini mizinga ya theluji nayo inahitaji baridi chini ya sifuri. Inarefusha msimu mradi baridi ipo, na haiwezi kuileta. Kituo kilichokopa mamilioni ya dola kwa lifti na mabomba hakina budi kufunguliwa kila siku ili kulipa deni. Kituo kisicho na deni la namna hiyo kinaweza kufunga lango mvua inaponyesha Januari, na kikafungua siku upepo utakapogeuka. Wanachama wa Stark hutazama utabiri wa hali ya hewa kama wakulima wanavyotazama mawingu ya vuli, na theluji ikianguka usiku, alfajiri magari yao yanakuwa yamekwisha kujipanga barabarani kuelekea Fayston.