Simu, kishikwambi au kompyuta? Soma hapa kabla hujatoa hela

Leo siongelei mtaji wala matangazo. Naongelea hicho kifaa ulichoshika mkononi sasa hivi, maana kwa sisi tunaouza mtandaoni hicho ndo duka lenyewe. Fremu ni stoo tu.

Mimi nauza viatu vya watoto. Nimeishia kidato cha nne, haya mambo ya vifaa sijasomea popote, nimejifunza kwa kupoteza hela. Kwa hiyo nisikilize kama mtu aliyeumia, sio kama mtaalamu.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja nilikuwa nimejichanga laki tisa. Simu yangu ilikuwa na miaka mitatu, nafasi yake GB 32, kila asubuhi inaniambia imejaa, na saa nane mchana chaji imekata. Nikaamua napanda daraja. Sasa ninunue nini? Simu mpya? Kompyuta mpakato? Au vile vishikwambi ambavyo watu wengi tulianza kuvizoea kwa makarani wa Sensa ya 2022?

Nikachagua kishikwambi. Hesabu yangu ilikuwa hivi: kina kioo kikubwa kama kompyuta, kinapiga picha kama simu, kina WhatsApp, na bei iko katikati. Yaani nimenunua vitu viwili kwa bei ya kimoja. Nikatoa 430,000, nikaongeza kibodi ya 35,000. Nilifurahi wiki nzima.

Kosa lilikuwa hapa. Nilichonunua hakikuwa na sehemu ya laini, kinatumia Wi-Fi tu. Nikaona sio shida, nitakirushia hotspoti kutoka kwenye simu. Simu ipi? Ile ile inayokata chaji saa nane! Na kurusha hotspoti kunakula chaji kweli kweli, kwa hiyo ikaanza kukata saa sita. Ikikata, kishikwambi nacho kimekuwa kioo cha kujitazamia. Sikuwa na vifaa viwili pale. Nilikuwa na kifaa kimoja kibovu na kingine kinachomtegemea huyo mbovu.

Wiki ya kwanza ya Januari, shule zinafunguliwa, ndo msimu wetu. Mama mmoja wa Morogoro akaandika anataka pea 40 za viatu vyeusi vya shule, namba mchanganyiko, na yuko tayari kutuma nusu ya hela siku hiyo hiyo. Aliandika saa saba kasoro. Nilikuwa Kariakoo nafuata mzigo, simu imezima, kishikwambi kiko kwenye begi bila intaneti. Nimefika nyumbani saa kumi na mbili, nachomeka chaji, nakuta meseji sita. Ya mwisho: "Basi dada, nimepata kwingine, asante." Kila pea ningepata faida ya 4,000. Piga hesabu mwenyewe.

Nikaenda kwa fundi wangu wa simu nikiwa nimenuna. Nikamwambia, "Kaka, nishauri, ninunue kompyuta sasa?" Akanicheka. "Mdogo wangu, wewe unanunua vifaa, hununui kazi. Kaandike kwanza kazi gani inakukwama." Akanibadilishia betri ya ile simu kwa 35,000 na kuniambia nirudi baada ya wiki.

Nikachukua daftari la kawaida. Kila kazi ikikwama naandika: saa ngapi, kazi gani, kwa nini. Wiki ikaisha na mistari 23. Mistari 11 ilikuwa simu imejaa au inaganda nikiwa katikati ya kujibu mteja. Saba ni picha: viatu vyeusi vinatoka vya kijivu, mteja anauliza "hiyo ni rangi gani?" Tatu ni chaji, na hapo betri ilikuwa mpya. Miwili tu ndo ilikuwa hesabu za mzigo, kazi ambayo kompyuta ingenisaidia. Kuhusu kioo kidogo, ambacho ndo nilikitolea laki nne na ushee? Sifuri.

Hivi vifaa vitatu vinaingiliana sana, na ndo maana vinatuchanganya. Vyote vinafungua WhatsApp, vyote vinapiga picha, vyote vinaandika. Ukiangalia vinachofanya sawa utabaki umesimama dukani mpaka jioni. Angalia kile ambacho kimoja kinafanya na vingine haviwezi.

Simu ndiyo inayoshika laini vizuri. Ukitaka kubonyeza *150*00# kuangalia kama mteja kweli katuma hela, unahitaji simu. Vishikwambi vingine vina sehemu ya laini, lakini kuna ambavyo laini ni ya intaneti tu, hakipigi na hakikubali hizo namba za nyota. Jaribu hapo hapo dukani na laini yako, usiamini maneno. Halafu kamera: kwa bei inayolingana, simu mara nyingi inapiga picha nzuri kuliko kishikwambi.

Kishikwambi kina kazi yake, sikiponde. Kama wateja wanakuja dukani na unataka kuwaonyesha mitindo kwenye kioo kikubwa, au unatengeneza matangazo na kadi za harusi, kitakufaa. Nunua chenye laini tu.

Kompyuta ni ya mwenye bidhaa nyingi, anayetunza hesabu kwenye Excel au anayeandika ankara za maofisi. Mpakato za mtumba ziko nyingi na bei inavutia, ila uliza inatumia Windows ipi na kama inaweza kupandishwa kwenda 11. Windows 10 muda wake wa kuhudumiwa uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubali 11. Chomoa chaja ukae nayo nusu saa uone betri inashuka vipi. Muuzaji akikataa, ondoka.

Kuna kitu nilichelewa kujua na kingeniokolea hela. WhatsApp inakuruhusu kuunganisha mpaka vifaa vinne vingine kwenye akaunti moja, na vinafanya kazi hata kama simu kubwa imezima, mradi chenyewe kina intaneti yake. Simu kubwa isipotumika siku 14 ndo vinakatwa. Kwa hiyo simu ya zamani sio ya kumpa mtoto achezee.

Nilichofanya: kishikwambi na kibodi yake nikauza 280,000. Hasara ya 185,000, imeniuma mpaka leo. Nikanunua simu ya 550,000 yenye GB 128. Kabla ya kulipa nikabonyeza *#06#, nikapata namba ya IMEI, nikaituma kwenda 15090 kuhakikisha sio feki. Wengine mnakumbuka Juni 2016 simu feki zilivyozimwa nchi nzima. Sitaki kurudi huko.

Simu ya zamani nimeiunganisha, inakaa fremu na mdogo wangu. Ina laini ya mtandao mwingine na bando lake, mtandao mmoja ukilala mwingine uko macho. Nikiwa Kariakoo yeye anajibu, nikirudi nakuta oda zimeandikwa. Ila kila Jumatatu nafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa nione hakuna cha mgeni, maana anayekaa humo anasoma wateja wako wote.

Nikaongeza pawabenki. Hapo pia nusura nipigwe. Imeandikwa 10,000 mAh, simu yangu ni 5,000, nikajua itajaza mara mbili. Haiendi hivyo, umeme mwingine unapotea njiani wakati wa kuchaji. Inajaza mara moja na kidogo. Kwa siku ya sokoni inatosha.

Na kama hela huna kabisa, usikope. Zima kwanza ile kujipakulia picha na video kwenye WhatsApp, futa video za magrupu, badilisha betri, piga picha karibu na mlango kwenye mwanga wa asubuhi. Ningeanza na hayo, mistari kama kumi na tano kwenye daftari langu isingekuwepo.

Kompyuta bado sijanunua. Ile mistari miwili ya hesabu sasa hivi imefika mitano kwa wiki, ikifika kumi nitaanza kujichanga. Namba ya yule mama wa Morogoro ninayo. Desemba hii, kabla hajaanza kutafuta, nitamtumia picha za viatu vyeusi, na safari hii vinaonekana vyeusi.