Alama za Wafu Kando ya Barabara: Kazi ya Mpiga Filamu Asiye na Tajiri

Wahenga walisema ajali haina kinga. Neno hilo husemwa mara nyingi mbele ya gari lililopinduka, na likisha kusemwa watu hutawanyika. Gari huvutwa, vioo hufagiliwa, na baada ya siku tatu hapana msafiri ajuaye kwamba mahali pale alikufa mtu. Lakini ziko nchi ambazo watu wake hawakukubali mahali hapo pasahauliwe. Wao husimamisha alama. Na wako watengeneza filamu ambao, bila ya kuajiriwa na kampuni wala na serikali, huchukua kamera zao na kuzifuata alama hizo, barabara hata barabara, ili waonyeshe zinasema nini.

Kazi hiyo inawahusu askari kuliko watu wengi. Alama mashuhuri kupita zote katika Marekani zilianzishwa na askari waliokwisha acha jeshi, na kesi kubwa iliyopata kusikilizwa juu ya alama za namna hiyo iliwahusu polisi waliofia kazini.

ASILI YA ALAMA

Katika jimbo la New Mexico, alama hizo huitwa kwa neno la Kihispania, descanso, yaani pumziko. Zamani jeneza lilichukuliwa mabegani kutoka kanisani hata makaburini. Wachukuzi walipochoka walilitua, na pale walipolitua paliwekwa msalaba au rundo la mawe. Magari yalipozidi, desturi hiyo ikahamia mahali ambapo safari ya mtu ilikatika ghafula. Mwaka 1995 waandishi Rudolfo Anaya, Denise Chávez na Juan Estevan Arellano walitoa kitabu juu ya desturi hii, na mwaka 2007 jimbo hilo likatunga sheria ya kumwadhibu mtu aharibuye alama hizo.

Kwingineko alama ni za sura nyingine. Katika mji wa St. Louis, mwaka 2003, ilianza desturi ya kuweka baiskeli iliyopakwa rangi nyeupe mahali alipogongwa mwendesha baiskeli, nayo ikaenea katika miji mingi ya dunia. Katika Ugiriki husimamishwa visanduku mfano wa kanisa dogo, vyenye taa ya mafuta ndani yake. Lakini si kila kisanduku ni cha marehemu. Vingine vimewekwa na watu walionusurika, kwa kumshukuru Mungu. Kwa hiyo mpiga filamu hana budi kuuliza kabla ya kusema. Akipita na gari lake, akapiga picha na kwenda zake, ataweza kumtangaza mtu aliye hai kuwa amekufa.

WASTAAFU WA MONTANA

Mwezi wa Septemba 1952, katika siku za mapumziko ya sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, watu sita walikufa katika ajali za barabarani karibu na mji wa Missoula, jimbo la Montana. Wanachama wa American Legion, chama cha askari waliopigana vitani, wakaona haifai kunyamaza. Mwaka 1953 wakaanza kusimamisha misalaba myeupe ya chuma kando ya barabara kuu: msalaba mmoja kwa kila aliyekufa. Wamekufa wanne, basi misalaba ni minne juu ya nguzo moja.

Kazi hiyo haijakoma, na misalaba imekwisha kupita 2,000. Ni wazee wa chama hicho wanaoisimamisha na kuitunza kwa kujitolea. Wenyewe husema kwamba nia yao si kumbukumbu bali ni onyo. Hawataki kumwambia dereva fulani alikuwa nani. Wanataki tu apunguze mwendo. Hata hivyo jamaa za marehemu huja wakavika misalaba hiyo maua, na onyo likageuka kaburi lisilo na maiti. Hapa ndipo penye kiini cha filamu: mzee anayepiga rangi nyeupe kwa ajili ya dereva ajaye, na mama anayefunga maua kwa ajili ya mwana aliyekwenda. Wote wawili wanashughulikia chuma kilekile, na wala hawakupata kukubaliana ni cha nini.

POLISI WA UTAH

Katika jimbo la Utah, tangu mwaka 1998, chama cha polisi wa barabara kuu kilisimamisha misalaba yenye urefu wa futi 12 kwa ajili ya wenzao waliofia kazini. Kila msalaba uliandikwa jina la askari, cheo chake na namba yake, tena uliwekwa nembo ya jeshi lao. Mingi ilikuwa katika ardhi ya umma. Mwaka 2005 chama cha watu wasioamini Mungu kikafungua mashtaka, kikidai kwamba serikali haina ruhusa ya kuipendelea dini moja. Waliosimamisha misalaba walijibu kwamba hapana alama nyingine iwezayo kumwambia mpita njia, kwa mtupo mmoja wa jicho, kwamba hapa pana kifo, heshima na kujitolea.

Mwaka 2010 mahakama ya rufani iliamua kwamba misalaba hiyo, ikiwa na nembo ya polisi katika ardhi ya umma, inavunja katiba. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufani, ingawa jaji mmoja, Clarence Thomas, aliandika kuwa hakubaliani na uamuzi huo. Hakuna aliyesema mahakamani kwamba askari wale hawastahili heshima. Hoja ilikuwa ni heshima ya namna gani, na katika ardhi ya nani. Mpiga filamu mwaminifu atawasikiliza pande zote mbili, na mjane wa askari hatamfanya kuwa silaha ya upande mmoja.

KAMERA UKINGONI

Mpiga filamu asiye na tajiri hufanya kazi na mtu mmoja au wawili. Fedha ni akiba yake na michango ya marafiki, kwa hiyo kazi huchukua miaka. Lakini ukawivu huo una faida. Akirudi mahali pale pale wakati wa jua na wakati wa theluji, ataona ni maua yapi yamebadilishwa na yapi yameachwa yakauke. Faida nyingine ni uhuru: hapana kampuni ya magari wala ya pombe iwezayo kumwamuru akate maneno yasiyoipendeza, na hapana idara ya barabara ya kumzuia kusema kwamba kona ni mbaya.

Taabu zake nazo si chache. Upepo na ngurumo za malori humeza maneno, kwa hiyo ni afadhali mazungumzo yafanyike nyumbani kwa wafiwa. Mwanga wa asubuhi hupendeza katika picha, lakini jua hilohilo ndilo linalompofusha dereva. Yampasa aegeshe gari mbali na lami, avae nguo ing'aayo, na aliarifu jeshi la polisi. Lililo zito zaidi ni ruhusa. Jina lililo juu ya msalaba husomwa na kila mpita njia, lakini msiba ni wa wenyewe. Isitoshe, huenda dereva aliyesababisha kifo yu hai na shauri lake bado liko mahakamani.

KWETU SISI

Katika nchi zetu maiti hurudishwa kwao kuzikwa, na mahali pa ajali huachwa. Alama yetu ni matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani kuwaonya wanaokuja, nayo hunyauka jioni ileile. Lakini watu hawaachi kufa. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 1,190,000 walikufa barabarani duniani kote. Tangu mwaka 2005 Umoja wa Mataifa umeitambua Jumapili ya tatu ya mwezi wa Novemba kuwa siku ya kuwakumbuka.

Ndugu askari, pale pasipo na msalaba wala baiskeli nyeupe, alama iliyobaki ni ile unayoiandika wewe. Hatua ulizopima kutoka tairi hata ukingo, mchoro wa kona, jina la marehemu lililoandikwa bila kosa: hayo ndiyo yatakayosomwa na hakimu, na mhandisi wa barabara, na pengine na mtoto atakayetaka kujua baba yake alikufaje. Wastaafu wa Montana hawakupinga neno la wahenga kwa maneno. Walichukua chuma na rangi, wakaenda mahali penyewe. Nasi tunayo kalamu na futi ya kupimia.