Sekunde Zilizoanza Kuhesabiwa 1970

Hapo kale, wajukuu zangu, na kale yenyewe si ya mbali, walikuwapo Marekani watu wawili, Ken Thompson na Dennis Ritchie, wafanyakazi wa Bell Labs. Walikuwa wakiunda mfumo wa kompyuta uitwao Unix, na shida yao mtaikuta hata ninyi: kompyuta haijui Jumanne wala Ramadhani. Inajua kuhesabu tu.

Basi ikapewa siku ya kuanzia, ikaambiwa ihesabu. Mwaka 1971 ilikuwa ikihesabu mara 60 katika kila sekunde. Pupa hiyo! Nafasi iliyotengwa, biti 32, isingefikisha hata miaka 3 kabla ya kujaa. Baadaye ikahesabu sekunde nzima nzima, na mwanzo ukawekwa saa sita usiku wa kuamkia 1 Januari 1970, kwa saa ya dunia iitwayo UTC. Hiyo ndiyo sifuri mpaka leo.

Mnataka kuiona? Fungueni lugha ya programu iitwayo Python kwenye kompyuta iliyowekwa saa za Mombasa au Dar es Salaam, muandike:

from datetime import datetime
print(datetime.fromtimestamp(0))

Itajibu 1970-01-01 03:00:00. Hiyo 3 imetoka wapi? Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa 3. Wala msiiite saa tatu. Hiyo ni saa tisa usiku, kwani kompyuta huanza siku yake usiku wakati sisi tumelala. Ndiyo maana mtunga programu makini hutunza wakati kwa UTC, akaugeuza kuwa wa mahali pale tu anapomwonyesha mtu. Asiyefanya hivyo atampa msafiri wa Muscat, aliye mbele yetu kwa saa 1, tiketi ya ndege iliyokwisha kuruka.

Kila lugha ya programu ina vituko vyake. JavaScript huhesabu miezi kuanzia 0, hivyo Desemba ni 11. Mkiipa 12 hailalamiki. Inawapeleka kimya kimya Januari ya mwaka unaofuata. Ukorofi mtupu, nikiulizwa mimi.

Sasa mkasa wenyewe. Kwa kuwa biti moja hushika alama ya chanya au hasi, zile biti 32 za kuhesabia sekunde hukomea 2,147,483,647. Sekunde hiyo itatimia Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa zetu, na sekunde 7 juu yake. Mashine isiyorekebishwa itapinduka kama mita ya gari kuukuu, namba iwe hasi, na tarehe isomeke 13 Desemba 1901.

Kompyuta na simu mpya nyingi zina biti 64, zinazotosha miaka bilioni 292 hivi. Za kutia shaka ni mashine ndogo zilizofungwa mahali zikasahauliwa, zenye programu za zamani. Mwaka 2038 ninyi mtakuwa watu wazima, na huenda mkaajiriwa kuzitafuta. Jifunzeni kuzitambua mapema.