Hitilafu Iko Nyumbani au Baharini?

Jumapili, tarehe 12 Mei, 2024, intaneti ilizorota ghafla katika sehemu kubwa ya Tanzania. Nyumbani kwangu, chini ya Mlima Meru, nilifanya jambo ambalo nisingemruhusu mwanafunzi wangu alifanye. Kabla ya kupima lolote nilichukua pini, nikabonyeza kitundu kilicho nyuma ya ruta, na kufuta mipangilio yake yote. Baadaye ilifahamika kuwa mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikuwa imekatika. Ruta yangu ilikuwa nzima. Mwenye kuiharibu nilikuwa mimi.

Hitilafu basi hutafutwaje? Mtandao wa nyumbani ni mfano wa mnyororo. Kompyuta huwasiliana na ruta kwa waya au kwa mawimbi ya redio. Ruta huwasiliana na mitambo ya kampuni. Nayo kampuni hupeleka ujumbe katika nyuzi za kioo hadi pwani, ilipo mikongo ya baharini. Mchunguzi huanzia kwenye pingili iliyo karibu naye.

Tazama kwanza anwani ya kompyuta. Ikianza na 192.168, kwa kawaida imetolewa na ruta. Ikianza na 169.254, kompyuta imeomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe: tatizo limo humo humo chumbani. Kisha, katika dirisha la amri, andika neno ping na anwani ya ruta, ambayo mara nyingi imebandikwa chini ya kifaa chenyewe. Majibu yakipotea, sogea karibu au tumia waya, kwani ukuta hudhoofisha mawimbi ya gigahezi 5 kuliko yale ya 2.4.

Ruta ikijibu vyema, jaribu anwani ya mbali, kama 8.8.8.8. Hapa mwanafunzi wa fizikia atapata hesabu nzuri. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Arusha hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 600. Uzi ukifuata njia hiyo, kwenda na kurudi hakupungui milisekunde 6. Lakini pasipo jibu kabisa, ilhali ruta yajibu, huenda hitilafu iko nje ya ukuta wako. Ipigie simu kampuni, na pini uirudishe kwenye kikasha chake.

Intaneti iliporejea kwa majirani, kwangu haikurejea. Nilikuwa ningali natafuta karatasi yenye neno la siri la kampuni.