Nyumba mpya, bati na baridi ya kipupwe



Mvua zikiisha na njia za vijijini zikikauka, huku kwetu kusini huanza msimu wa kuhama. Simama pale Nanganga, mahali ambapo barabara ya Ruangwa inaachana na barabara kuu ya kutoka Mingoyo kwenda Masasi, uangalie mizigo inayopita kati ya Juni na Agosti: bati juu ya fuso, saruji, fremu za milango, vitanda, na magodoro yanayobebwa kwa bodaboda kwa namna inayomfanya mtazamaji asali. Sababu inajulikana. Ufuta umevunwa, minada ya stakabadhi ghalani imeanza, na fedha zinamfikia mkulima kupitia chama chake cha msingi. Mwenye korosho yeye bado anapulizia salfa na kuingoja Oktoba. Mwenye ufuta anaezeka.

Kwa mapadre huu ndio msimu wa kuitwa kubariki nyumba, na ni kazi ninayoipenda. Familia imelala miaka mingi chini ya nyasi zinazovuja, leo ina tofali za kuchoma, bati na mlango wenye kitasa. Majirani wanakuja, Wakristo na Waislamu pamoja, wali unapikwa, na aliyejenga anasimama mlangoni akiwa na haya kidogo kama bwana harusi. Anayedhani kwamba Mungu hafurahii bati hajasoma vizuri Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, ambako aliyejenga nyumba mpya na hajaizindua anaruhusiwa kuacha hata vita na kurudi nyumbani kwake.

Lakini kuna jambo kuhusu nyumba hizi na msimu huu ambalo limenisukuma kuandika Jumapili hii, kwa sababu linagusa uhai wa watu, na pia jina jema la watu.

Baridi yetu si ya Makete wala ya Lushoto. Mchana jua linawaka kama kawaida. Lakini usiku wa Julai katika bonde la Lukuledi, mbingu zikiwa wazi na kusi ikivuma, mzee aliyelala na shuka moja hufika alfajiri akitetemeka. Kwa kuwa tumezoea kujiita watu wa joto, hatujiandai. Mtu ananunua seti ya makochi na kuiacha ndani ya nailoni yake, lakini blanketi hana.

Zaidi ya hapo, nyumba mpya mara nyingi ni baridi kuliko ile ya zamani. Wengi hawaamini mpaka walale humo. Nyasi za paa hushika hewa katikati yake na kuutunza joto wa mchana. Bati ni jembamba. Jua likizama hupoa haraka, na usiku usio na mawingu huweza kuwa baridi kuliko hewa iliyolizunguka. Pumzi za waliolala hupanda, zikagusa bati, zikageuka maji, na kabla ya mapambazuko matone yanamdondokea mtu usoni. Ukuta uliopigwa plasta juzi nao bado una maji ndani yake. Ukisukuma godoro hadi ukutani, baada ya wiki chache utaona ukungu mweusi.

Kisha kuna sauti. Bati lililopanuka kwa jua la mchana hujikunja usiku, na mbao na misumari navyo hujikunja, lakini si kwa kipimo kimoja. Hapo ndipo linatoka lile pa! juu ya paa saa nne usiku, na jingine saa saba, kama kitu kimetua. Chini ya nyasi familia haikuwahi kusikia sauti hiyo. Sasa inaisikia kila usiku, tena katika nyumba mpya, na nyumba mpya huja na wivu wa majirani, wa kweli au wa kudhaniwa.

Nimeitwa mara nyingi kwa sababu ya sauti hizo. "Padre, kuna watu wanatua juu." Tena wanaongeza kwamba watoto wanaamka na vichwa vizito, mama anatapika asubuhi, baba anahisi kama amekabwa. Ninapofika, mara nyingi jina limekwisha kupatikana. Karibu kila mara ni jina la bibi mjane, anayeishi peke yake si mbali na hapo, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka sitini ya kupika. Mimi nabariki, maana Kanisa limenituma nibariki. Bwana aliwaagiza wanafunzi wake kwamba nyumba yoyote waingiayo waitakie amani kwanza. Lakini baraka ya nyumba ni kisakramenti, si hirizi ya kufukuza majirani. Nikimaliza kunyunyiza maji, naomba nioneshwe chumba cha kulala.

Hapo ndipo nakuta jiko la mkaa, pembeni ya kitanda au chini ya dirisha, likiwa na majivu ya jana.

Naomba sehemu hii isomwe polepole. Mkaa unaowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haionekani, hainuki, haikereketi koo. Huingia katika damu na kukaa mahali pa oksijeni, na mwili unakosa hewa huku mtu akidhani anapumua vizuri. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuishiwa nguvu na usingizi mzito. Mtu akizidiwa usingizini haamki. Mkaa ulioshika vizuri, mwekundu, usio na moshi, ndio unaowadanganya wengi, kwa sababu wanadhani moshi ukiisha hatari nayo imeisha. Ukikuta watu katika hali hiyo, fungua mlango, watoe nje kwenye hewa, wapelekwe hospitali. Msipoteze saa kutafuta nani amewaroga.

Mtu atasema: mbona babu zetu walilala na moto ndani? Walilala, ni kweli. Wazee waliohamishiwa vijiji vipya baada ya serikali kutangaza mwaka 1973 kwamba kuishi vijijini ni lazima wamenisimulia usiku wao wa kwanza katika nyumba zisizokamilika, moto ukiwaka katikati na watoto wameuzunguka. Lakini kuta zile zilikuwa fito tupu, hazijakandikwa. Hata baada ya kukandikwa, kati ya ukuta na paa palibaki nafasi, na nyasi zenyewe zilipitisha hewa. Nyumba ya leo imefungwa hadi juu, ina saruji, mlango unabana, dirisha lina kioo. Na wengine, kwa kuogopa baridi, huziba kwa matambara hata yale matundu ya hewa ambayo fundi aliyaacha juu ya dirisha. Desturi ni ileile, nyumba ndiyo iliyobadilika.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 kuna sheria inayohusu nyumba mpya tu: anayejenga aweke ukuta mdogo wa ukingo kuzunguka paa, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Paa za Waisraeli zilikuwa bapa na watu walikaa juu yake. Sisi hatukai juu ya bati, hivyo sheria hiyo tunaipita haraka. Mimi naiona katika yale matundu ya hewa. Anayeyaziba na kuingiza jiko ameondoa ukingo wa paa lake.

Kuhusu yule bibi jirani niseme moja tu, kwa ukali unaostahili. Kumtaja mtu kuwa mchawi kwa sababu ya bati linalojikunja ni kumshuhudia uongo, na hiyo ni amri ya nane. Wanawake wazee wameuawa katika nchi hii kwa shutuma za namna hiyo. Aliyelisambaza jina analo deni la kulirudisha kwa wale wote aliowaambia, na ninapomuungamisha sitaacha kumkumbusha deni hilo.

Basi tufanyeje na baridi? Paulo mtume, ambaye sikukuu yake pamoja na Petro huangukia tarehe 29 Juni, katikati ya kipupwe chetu, alikuwa kifungoni alipomwandikia Timotheo barua yake ya pili. Katika sura ya nne anazungumza mambo makuu, taji na hukumu na vita vizuri, kisha ghafla anaomba joho lake aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu, na anamsihi Timotheo ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Mtume aliyekuwa tayari kufa hakuona aibu kuomba kitu cha kujifunika.

Vivyo hivyo Mtakatifu Benedikto, ambaye sikukuu yake ni tarehe 11 Julai. Sisi tunaoishi jirani na Ndanda tunawajua wanawe, waliofika hapo mwaka 1906, mwaka mmoja tu baada ya misheni za Nyangao na Lukuledi kushambuliwa katika vita vya Maji Maji. Kanuni yake, sura ya 55, inaagiza kwamba mavazi yafuate hali ya hewa ya mahali, penye baridi yaongezwe, penye joto yapunguzwe, na inataja matandiko ya mmonaki: mkeka, shuka zito, blanketi na mto. Mkeka unatangulia, nasi tunayo mikeka. Mkeka wa ukindu chini ya godoro huzuia baridi inayopanda kutoka sakafu ya saruji. Mikeka ikishonwa pamoja na kutandazwa juu ya fito hufanya dari, na dari ndilo dawa kubwa ya nyumba ya bati, maana hewa inayobaki kati yake na bati hufanya ile kazi iliyofanywa na nyasi. Kitanda kiachane na ukuta kwa kiganja kimoja au viwili. Mchana fungua madirisha, plasta ikauke. Mzee apewe soksi na kofia ya kulalia.

Namkumbuka bibi mmoja ambaye wanawe walimjengea nyumba nzuri kwa fedha za ufuta. Baada ya siku tatu alirudi kulala katika jiko lake la zamani la udongo, pamoja na kuku. Wanawe waliona aibu, na mmoja alisema wazi kwamba mama hana shukrani. Nilipomuuliza, bibi alijibu, "Baba Padre, nyumba nimeipenda. Lakini kule nalala kama nipo uwanjani." Chumba chake kilikuwa na kitanda, godoro na ukuta mtupu. Msumari wa kutundikia kanga zake haukuwepo, wala kigoda, wala mahali pa taa. Usiku alikuwa akipapasa gizani. Wanawe walikuwa wamejenga nyumba bila kumpangia mama yao chumba.

Mwanamke wa Shunemu alijua kupanga. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, alimwandalia Elisha chumba kidogo, akaweka kitanda, meza, kiti na taa. Vitu vinne tu, na kila kimoja kina kazi yake. Wale vijana walipoweka dari la mikeka, blanketi mbili, kigoda, taa ya sola na misumari sita ukutani, bibi alihamia. Mchana bado anakwenda kuota moto kwenye jiko lake la udongo, na hakuna sababu ya kumkataza.

Kupanga ni pamoja na kutoa visivyostahili kukaa na watu. Kwa hofu ya wezi tunaweka mifuko ya salfa na dawa za mikorosho chini ya kitanda, na pikipiki yenye petroli sebuleni, hatua mbili kutoka kwenye mshumaa. Ufuta na mbaazi zinaweza kusubiri sebuleni hadi siku ya kupelekwa ghalani, dawa haziwezi. Zijengewe kibanda chenye kufuli nje, mbali na watoto na chakula.

Limebaki la fedha. Wapo wanaoona jirani wa ufuta ameezeka, nao kwa kuwa korosho zao ziko bado kwenye maua, wanakwenda kwa mtu wa kangomba. Anawapa fedha za bati leo, wao watamlipa korosho wakati wa mavuno kwa bei ya kuwaumiza. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo, lakini wanaoifanya tunawafahamu, na baadhi yao tunakaa nao benchi moja kanisani. Sheria ya Musa, katika Kutoka 22 na tena katika Kumbukumbu la Torati 24, inamwambia aliyechukua vazi la maskini kuwa rehani alirudishe kabla jua halijazama, kwa sababu hilo ndilo analojifunikia usiku. Anayeshikilia korosho za jirani yake Julai hii bado anao muda wa kumpunguzia kabla ya Oktoba. Na anayetaka kukopa kwake, afadhali alale chini ya nyasi zake mwaka mmoja zaidi. Nyumba iliyoezekwa kwa nyasi naibariki kwa sala ileile.