Nani Alilitoboa Jiwe la Kusugulia Miguu?

Mzazi, makala haya nimemwandikia mtoto. Msomee kwa sauti, na kama nyumbani kuna lile jiwe jeusi la kusugulia visigino, lileteni kwanza.

Lishike, mwanangu. Ni jepesi kuliko ulivyodhani, na limejaa vitundu: vingine kama tundu la sindano, vingine vinaingia ncha ya kidole. Hakuna fundi aliyevitoboa. Jiwe hili zamani lilikuwa uji wa moto, na kila kitundu ni mahali palipokuwa na povu la gesi wakati uji ule ukipoa. Gesi ilikwenda zake, kitundu kikabaki. Ukijua gesi hiyo ilifanya kazi gani, umejua volkano inavyolipuka.

Ukishuka makumi ya kilomita chini ya ardhi utakuta mwamba wenye joto kali sana. Wengi hudhani huko ni bahari ya moto. Sivyo. Sehemu kubwa ya mwamba huo bado ni ngumu, kwa sababu uzito wa mawe yaliyo juu yake unaubana usiyeyuke. Hapa Afrika Mashariki ardhi inavutwa pande mbili, taratibu kuliko ukucha wako unavyokua, na ndivyo Bonde la Ufa lilivyotokea. Ganda la dunia likivutwa huwa jembamba, ule mbano hupungua, na mwamba wa chini huanza kuyeyuka. Uji huo wa mawe tunauita magma. Ni mwepesi kuliko mwamba unaouzunguka, kwa hiyo hupanda, kama mafuta yanavyopanda juu ya mchuzi. Ukishatoka nje unaitwa lava, na vitabu vingine huandika zaha.

Lakini kupanda peke yake hakulipui mlima. Kinacholipua ni gesi.

Umewahi kuona togwa iliyofungwa kwenye dumu? Jioni dumu liko sawa. Asubuhi limevimba tumbo, ukiligonga linalia kama ngoma. Gesi imejaa humo, na nyingine imejificha ndani ya togwa yenyewe, huioni. Mama akilegeza kifuniko, fsss! Gesi iliyobanwa inageuka mapovu, mapovu yanakua, yanaisukuma togwa hadi inamwagika mezani. Magma nayo imebeba gesi: mvuke wa maji, hewa ya ukaa, na gesi za salfa zinazonuka kama kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Kule chini zimebanwa, zimetulia. Magma ikikaribia juu, mapovu yanazaliwa, yanavimba, yanaisukuma itafute ufa wa kutokea. Hata mlima wenyewe huvimba kabla ya kulipuka, kama dumu. Macho yako hayawezi kuuona uvimbe huo, ila vipimo vya wanasayansi huuona, na husikia pia matetemeko madogomadogo mwamba unapopasuka ndani.

Sasa twende jikoni. Maji yakichemka, mapovu yanatoka bila shida. Uji mzito wa ulezi ukichemka, povu linakwama, linakusanya nguvu, kisha bwata! Tone la moto limekurukia mkononi. Magma nzito ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mwaka 1991, mlima Pinatubo wa Ufilipino ulirusha majivu zaidi ya kilomita 30 kwenda juu, kupita kabisa njia za ndege za abiria. Na majivu ya volkano hayafanani na ya kuni. Ni mawe yaliyopasuliwa na gesi hadi yakawa unga, ndiyo maana yanachoma macho na kuumiza kifua.

Magma ya Nyiragongo, mlima wa mita 3,470 karibu na Goma, Kongo, ni nyepesi mno. Joto lake linapita nyuzi 1,000, na maji ya chai huchemka kwenye 100 tu. Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa mlima ulipasuka, lava ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na watu mamia ya maelfu wakakimbia. Ilitoka tena 22 Mei 2021. Leo kuta nyingi za Goma zimejengwa kwa mawe meusi ya lava, yenye vitundu kama hilo ulilolishika.

Mlima niupendao kuliko yote ni Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu. Lava yake ina nyuzi 500 hadi 600 hivi, na hutiririka karibu kama maji. Hutoka nyeusi, kisha ikinywa unyevu wa hewani hugeuka nyeupe, kwa sababu ndani yake mna chumvi za jamii moja na magadi tunayotia kwenye maharage. Duniani kote hakuna volkano nyingine iliyo hai inayotoa lava ya namna hii. Hata huo, uliomwaga lava kwa upole miaka mingi, mwaka 2007 ulirusha majivu juu angani. Gesi ilikuwa imepata nguvu.

Limebaki jambo moja, na hili ulishike hata ukisahau mengine. Wakati mwingine gesi hutoka ardhini kimyakimya, bila mlima kulipuka. Wakazi wa Goma huiita mazuku, na wanasayansi wa nchi za mbali wameliazima neno hilo lilivyo. Ni hewa ya ukaa. Haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Anayeivuta kwa wingi huanguka hapo hapo. Kama unaishi karibu na volkano, ukaona kwenye shimo ndege au mbuzi amekufa bila jeraha, usishuke. Mpira ukiingia humo, uache. Mwenzako akianguka humo, usimfuate. Kimbia ukaite watu wazima.